Uhalifu "umepungua" ila mtaani tunaibiwa kila wiki: matukio yasiyofika polisi yanaishia wapi?

Kila kamanda wa polisi akitoa taarifa kwamba matukio ya uhalifu mkoani yamepungua, magrupu ya WhatsApp ya mitaa ya Arusha yanawaka moto. Mmoja anatupia picha ya gari lake limenyofolewa saitimira Kilombero, mwingine anasema mtungi wa gesi umeondoka jikoni mchana kweupe huko Kwa Mrombo, wa tatu anauliza hizo takwimu zimetoka Arusha ipi. Basi grupu linagawanyika, hawa wanasema polisi wanapika namba, wale wanasema watu wa mitandaoni wanakuza mambo. Mi naona wote wanaweza kuwa wanasema kweli kwa wakati mmoja, na ufunguo uko kwenye swali ambalo kwenye grupu huwa halijibiwi vizuri: huyo wa saitimira aliripoti? Ukimuuliza anakujibu "niripoti ili iweje?"

Tuelewane kwanza kuripoti ni nini. Kuposti picha kwenye grupu sio kuripoti hata kama askari wa kata yuko humo humo na ameona. Kumwambia mjumbe au mwenyekiti wa mtaa ni hatua, na sheria inaitambua, maana Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamtaka mtu aliyejua kosa limetendeka atoe taarifa kwa polisi au kwa kiongozi wa eneo, na huyo kiongozi ndo aifikishe kituoni. Ila tunajua yanavyokwenda, mwenyekiti akishasema "nimelisikia, tutalifanyia kazi" mara nyingi safari inaishia pale. Kuripoti kwenyewe ni pale unapofika kituoni, askari wa kaunta anaandika taarifa yako kwenye kitabu, unapewa namba yako, ile tunayoita RB. Baada ya hapo ndo linaweza kufunguliwa jalada na kupangiwa mpelelezi. Namba za kamanda zinahesabiwa kuanzia kwenye kile kitabu. Kilichobaki mtaani hakimo, na hapo hakuna aliyedanganya.

Ni kama kuhesabu malaria kwa daftari la zahanati. Daftari linasema wagonjwa wamepungua, kumbe nusu ya mtaa wamekwenda duka la dawa wakanunua mseto wakarudi nyumbani kulala. Mganga hajadanganya, daftari linamhesabu aliyekuja. Na likitokea zahanati imepata mganga mkarimu na kipimo cha bure, mwezi ule wagonjwa watapanda ghafla bila hata mbu mmoja kuongezeka.

Wenzetu wameona hili zamani, kwahiyo pamoja na takwimu za polisi wanapita majumbani kuuliza watu moja kwa moja: mwaka huu umeibiwa? umepigwa? uliripoti? Marekani wanafanya hivyo tangu 1973, Uingereza tangu 1982. Majibu ya Marekani miaka nenda rudi yanaonyesha kwamba kwenye matukio ya kupigwa na kunyang'anywa kama nusu hivi hayafiki polisi, na kwenye wizi wa mali yanayofika ni kama theluthi moja tu. Wizi wa magari ndo unaoongoza kuripotiwa na sababu haina maajabu yoyote, bima haikulipi bila karatasi ya polisi. Nataja hayo ya kwao kwa sababu kuna dhana kwamba kutoripoti ni ushamba wetu Waafrika, au ni kwa vile polisi wetu tu wako vile walivyo. Watu wa kila mahali wanapiga hesabu kabla ya kwenda kituoni, isipokuwa hesabu ya Unga Limited ina vitu vyake.

Hesabu ya aliyeibiwa kitu kidogo

Chukua dada anayeuza nguo Kilombero, simu imechomolewa kwenye mkoba saa nne asubuhi, simu ya laki mbili na nusu. Akitaka kuripoti afunge meza au amwombe jirani amwangalizie, apande hiace au boda, afike akae kwenye benchi, aambiwe anayeandika maelezo katoka kidogo, akirudi amuulize "unamhisi nani?" na yeye kwa kweli hamhisi mtu, soko lote lilikuwa limejaa. Anapewa RB, anaambiwa tutakupigia, simu yenyewe ya kupigiwa ndo iliyoibiwa. Mpelelezi naye ana majalada mezani ya watu waliovunjiwa maduka na waliokatwa mapanga, simu ya laki mbili na nusu itakaa foleni ndefu. Afu kuna ile habari inayojulikana nchi nzima ya "hela ya mafuta ya gari" na "vocha ya kufuatilia". Hata kama kituo chako hawafanyi hivyo, dada wa watu keshasikia kwa wenzake na ameiweka kwenye hesabu yake tayari. Kwahiyo anapiga mahesabu pale pale: elfu kumi mpaka ishirini za kuzunguka, siku nzima ya mauzo imekwenda, na uwezekano wa kuiona simu ni mdogo. Anaachana nayo, anarudishiwa laini, maisha yanaendelea.

Hapa kuna jambo naona halisemwi kabisa. Huyo huyo dada kama kwenye mkoba kulikuwa na kitambulisho cha NIDA, kadi ya benki na leseni, atakwenda polisi, tena mbio, kwa sababu huwezi kupata vingine bila ile taarifa ya mali iliyopotea, loss report. Siku hizi unaijaza hata mtandaoni. Sasa angalia alichojaza: vimepotea. Hakuandika vimeibiwa, maana ukisema vimeibiwa unaulizwa maswali, unaambiwa utoe maelezo, inakuwa kesi, na yeye shida yake ni karatasi tu. Wizi umefika polisi kwa miguu yake wenyewe na umeingia kwenye kumbukumbu kama uzembe wa mtu kuangusha vitu. Ukizunguka stendi ukauliza walioibiwa pochi waliandika nini, wengi watakujibu hivyo hivyo.

Pikipiki ni kinyume chake. Kijana wa boda akiibiwa pikipiki usiku pale Muriet, asubuhi hiyo hiyo yuko kituoni hata kama hajalala, kwa sababu tajiri mwenye pikipiki bila RB ataamini kijana kaiuza. Mara nyingi kinachompeleka mtu polisi ni mtu wa tatu anayedai karatasi, iwe bima, benki, bosi au kampuni ya simu. Pasipo na anayedai karatasi, kitabu kinakaa tupu.

Na jamani, kutoa taarifa ya uhalifu ni bure. RB ni bure. Dhamana nayo ni bure, imebandikwa ukutani karibu kila kituo, japo bango na kaunta vinaweza kukaa chumba kimoja bila kufahamiana.

Aliyetapeliwa anaogopa kuchekwa

Kwenye utapeli wa simu, ile "hela tuma kwenye namba hii", au yule anayejifanya wakala kakosea kutuma muamala, au huyo mzungu wa Facebook aliyetuma zawadi imekwama uwanja wa ndege, kinachozuia watu ni aibu. Aliyeporwa na panga hachekwi. Aliyetapeliwa ataulizwa kwanza "na wewe ukatuma?" na swali hilo linatoka kwa mume, kwa wanakwaya na wakati mwingine kwa askari mwenyewe. Nawajua watu wenye digrii waliopigwa pesa ndefu, ambao ukiwagusia wanabadilisha mada.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo na utapeli huu umo. Na kwa asiyetaka kukaa kwenye benchi kuna njia nyepesi, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana namba 15040 ya kuripoti namba za matapeli, na ukibonyeza *106# unaangalia kama kuna laini zimesajiliwa kwa kitambulisho chako bila wewe kujua. Inashangaza wangapi hawajawahi kubonyeza.

Kuna wengine hawaendi kwa sababu biashara yenyewe iliyowaumiza haikuwa imenyooka, na kundi hili Arusha ni kubwa kuliko tunavyokiri. Dalali wa madini kachukuliwa mzigo wa tanzanite na mtu aliyesema anaupeleka kwa mnunuzi, mpaka leo hajarudi. Ataripoti nini? Tangu ukuta wa kilomita 24.5 ujengwe kuzunguka migodi ya tanzanite ya Mirerani mwaka 2018 mzigo unatakiwa utoke getini na karatasi zake, na kama wa kwake ulitoka kwa njia za panya za wanaapolo, wale wachimbaji wa migodini, kwenda polisi ni kujipeleka. Muuza gongo akivunjiwa, muuza mirungi akiporwa, hesabu ni hiyo hiyo, na vibaka wanaijua, ndo maana wanawachagua hao.

Kwa kina mama ni mikopo ya kausha damu. Mama kakopa laki tatu bila mume kujua, riba imepanda, wamekuja vijana wawili mchana wamebeba tivii na sabufa, mmoja kamsukuma ukutani. Kuingia nyumba ya mtu na kubeba vitu kwa nguvu bila amri ya mahakama ni kosa, deni liwepo au lisiwepo. Lakini akiripoti mume atajua kuna mkopo, kwahiyo jioni anasema tivii imeharibika iko kwa fundi.

Mahoteli na makampuni ya utalii nao wana yao. Mfanyakazi kachota hela, anaitwa ofisini, anarudisha nusu, anaandika barua ya kuacha kazi, yamekwisha, kwa sababu msimu wa wageni ukikaribia hakuna meneja anayetaka landrova la polisi getini. Yule mfanyakazi mwezi ujao kaajiriwa jirani.

Ndani ya familia

Hapa ndo penye uzito, na ndo panapofichwa zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta wanawake 40 kati ya 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 wameshawahi kupigwa au kufanyiwa ukatili wa mwili tangu walipofika miaka 15. Na wanapotafuta msaada wengi wanakwenda kwa ndugu zao, polisi iko mbali sana kwenye orodha. Kwa watoto, utafiti wa 2009 ulionyesha karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na kwa wasichana ni kama nusu tu waliowahi kumwambia mtu yeyote. Mtu yeyote, yaani hata shangazi au rafiki wa shule. Sasa wa polisi watakuwa wangapi?

Watu wanauliza kwanini mama anapigwa na hasemi. Weka hesabu yake mezani. Nyumba ni ya baba au ya ukweni, ada anatoa baba, akiwekwa ndani wiki mbili hakuna anayelipa, mama mkwe atasema umemfunga mwanangu, kwao nao watakumbusha mahari ilishaliwa. Huku kwetu kabla ya polisi kuna kikao. Uchagani watakaa wazee wa ukoo, hasa Desemba watu wakipanda kula krismasi, kwa Wameru na Waarusha wazee wa boma au wa rika wataitisha, mume atapigwa faini, mbuzi atachinjwa, mtaambiwa shikaneni mikono. Sitaki kukejeli hivi vikao, vimezuia mengi na kwa ugomvi wa mpaka au matusi ya kilabuni vinafanya kazi vizuri kuliko mahakama. Hata sheria inaruhusu mahakama kuhimiza upatanisho kwenye makosa madogo ya mtu na mtu. Ila mbuzi kwa mkono uliovunjika mara ya tatu naona ni mzaha, na Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema wazi hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpiga mwenzake kumwadhibu. Wanaosema "dini na mila zinaruhusu kumrudi mke kidogo" waelewe hiyo ruhusa kwenye sheria ya nchi haipo tangu babu zao wakiwa vijana.

Kwenye ubakaji wa mtoto mambo yanageuka kwa namna ambayo watunga sheria sidhani waliitarajia. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya 1998 iliweka adhabu nzito, miaka 30 jela kwa ubakaji, na maisha kama mtoto ana umri chini ya miaka 10. Nia ilikuwa kutisha. Kwa mbakaji wa kichochoroni watu wanapiga makofi. Lakini aliyefanya akiwa mjomba, au baba wa kambo, au kijana wa kaka anayesomeshwa na ukoo mzima, ile miaka 30 inawatisha ndugu kabla ya kumtisha yeye. "Tutampoteza kijana." Kinaitwa kikao usiku, inatajwa hela au ng'ombe wawili, mtoto anahamishiwa kwa bibi Rombo au Longido. Wanaofanya hivyo wanajiona wamesuluhisha, kumbe kupokea mali ili kuficha kosa kubwa nalo ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, na mtoto hajaulizwa kitu.

Ukeketaji ni hivyo hivyo na zaidi. Utafiti ule wa 2015/16 uliikuta Arusha kwenye wanawake 41 kati ya 100 waliokeketwa, wakati nchi nzima ilikuwa 10. Kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18 ni kosa tangu 1998, kifungo kuanzia miaka mitano hadi kumi na mitano. Kilichotokea sehemu nyingi ni kwamba wanakeketa watoto wachanga, kimya kimya, bila sherehe, mtoto hawezi kusimulia na jirani hajaona ngoma. Nani aripoti wakati ngariba ni bibi, aliyeshika taa ni mama na aliyelipa ni baba?

Na wanaume, ambao hata kwenye makala kama hizi wanasahaulika. Mwanaume aliyepigwa na mke akienda kituoni anajua kaunta itacheka. Aliyelawitiwa kwa nguvu ana hofu kubwa zaidi, kwamba sheria inayoharamisha kitendo inamtaja na aliyekubali kufanyiwa, sasa nani ataamini hakukubali. Wengi wanakwenda nacho kaburini.

Dhana moja inayoua kesi hizi ni ile ya "hakuna shahidi, hakuna kesi". Kwenye makosa ya kingono mahakama inaweza kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mwathirika peke yake ikiridhika kwamba anasema kweli. Ushahidi wa hospitali unasaidia sana lakini, na ndo maana wanasema usioge, usifue nguo, wahi. Dawa za kuzuia maambukizi ya HIV zinatakiwa ndani ya saa 72, hizo haziwezi kusubiri kikao cha ukoo. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, unaongea chumbani sio kaunta mbele ya watu wanaosubiri dhamana, na baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanakaa sehemu moja. Kwa mtoto kuna namba 116, bure, hata jirani anaweza kupiga.

Tukigusa hospitali, kuna hii PF3. Ni fomu ya polisi ambayo daktari anaijaza kueleza majeraha, afu inarudi polisi kuwa ushahidi. Watu wameielewa kama kibali cha kutibiwa, kwahiyo aliyechomwa kisu badala ya kukimbizwa hospitali anapitishwa kituoni kwanza akivuja damu. Serikali imesharudia kusema majeruhi wa dharura atibiwe kwanza, fomu itafuata. Lakini hofu ya fomu imezaa tabia nyingine, mtu anafika na jeraha la panga anasema "nimeanguka na boda", mama mwenye jicho limevimba anasema "nimejigonga na mlango". Nesi anajua, anaandika mlango.

"Kesho yake nikamwona anapita"

Sababu ninayoisikia kuliko zote mitaani ni hii: nilimripoti, kesho yake nikamwona anapita mbele ya nyumba yangu ananiangalia. Watu wanaimalizia wenyewe, kahonga. Inawezekana kahonga, siapi. Lakini mara nyingi ni dhamana, na dhamana maana yake mtuhumiwa ameahidi kurudi akiitwa huku akiwa na mdhamini, kesi bado ipo. Makosa kama mauaji na unyang'anyi wa kutumia silaha hayana dhamana, wizi wa kuku unayo. Na kwa makosa ya kawaida polisi hawatakiwi kumkalisha mtu mahabusu zaidi ya saa 24 bila kumfikisha mahakamani au kumpa dhamana. Haki hiyo ni yako pia siku utakaposingiziwa.

Shida ni kwamba hakuna anayemweleza mlalamikaji. Anaachwa akutane na jamaa gengeni. Mitaa yetu ni ya kubanana, Ngarenaro au Pasua kule Moshi aliyeripotiwa anajua nani kamripoti kabla ya wino kukauka, na mama yake anauza maandazi unayokula asubuhi. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015, lakini haiwezi kukaa na wewe uchochoroni saa nne usiku, na watu wanalijua hilo.

Kingine kinachochanganya, watu wanadhani kesi ni ya kwao, kwamba "nikitaka naifuta". Ukisharipoti kosa la jinai anayeshtaki ni Jamhuri, wewe ni shahidi, na mwenye mamlaka ya kuiondoa mahakamani ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Kwa vitendo mashahidi wakigoma kuja kesi inakufa yenyewe, ndo maana ndugu wa mtuhumiwa wakishindwa kumaliza polisi wanahamia kwako na mchele na sukari.

Wasiotaka polisi wana njia zao. Kuna kupitisha tangazo kanisani kwamba aliyechukua mashine ya kukamulia arudishe. Kuna kutishia kuvunja chungu, na huku Meru na Uchagani hilo sio mchezo, kinavunjwa laana inashuka kwa ukoo mzima wa mwizi, nimeona mali imerudi usiku ikawekwa mlangoni bila hodi baada ya kutajwa tu. Na kuna ile mbaya kuliko zote, kupiga kelele za mwizi. Chalii wa miaka kumi na tisa anauawa kwa mawe na tairi kwa sababu ya sabufa. Hayo ni mauaji, na ni kosa lisiloripotiwa kwa namna yake, maiti polisi wataiona lakini muuaji hatajwi, kwa vile walioona ndo hao hao walioshika mawe. Wanaosema "wananchi wenye hasira kali" kana kwamba ni mvua imenyesha wananikera.

Sasa rudi kwenye namba za kamanda ukiwa na haya kichwani. Zikishuka inawezekana wizi umepungua, inawezekana watu wamekata tamaa na kaunta. Na zikipanda sio lazima jamii imeoza. Fungua dawati la jinsia kwenye wilaya ambayo halikuwepo, weka askari wa kike anayesikiliza bila kukaripia, kesi za ukatili zitaruka mwaka huo huo, afu utasikia kwenye redio "ukatili umeongezeka maradufu, tatizo ni utandawazi". Kilichoongezeka ni waliothubutu. Namba ninazoamini zaidi ni za mauaji, kwa sababu maiti ni ngumu kuificha, na za magari. Za wizi mdogo na za majumbani nazichukulia kama kipimo cha imani ya watu kwa kituo chao. Tume ya Haki Jinai ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi ripoti yake 2023, ilizunguka nchi ikisikiliza watu, na imani kwa polisi ilikuwa moja ya mambo yaliyolalamikiwa sana.

Kwa unayetaka kwenda kuripoti, nenda na kitu mkononi. Simu ina namba yake ya IMEI, bonyeza *#06# leo uiandike, ukiibiwa unaipeleka polisi na kampuni ya simu waifunge. Pikipiki andika namba ya chesisi na ya injini. Kaunta wakikwambia "hili mkalimalizie nyumbani", muulizie mkuu wa kituo, OCS, kwa utulivu tu, na yeye akikuzungusha kuna OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, na juu yake RPC, kamanda wa mkoa. Ukidaiwa hela, namba ya TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, ni 113, haina makato. Usikubali kuandika "imepotea" kama imeibiwa. Na hiyo namba ya RB iandike mahali pengine zaidi ya kwenye simu, maana ukirudi bila namba mtaanza kupekua kitabu ukurasa kwa ukurasa mkitafuta tarehe.